Kitambaa cha Afiba

Pale Paramaribo, mji mkuu wa koloni la Suriname, enzi za utumwa, kila mwanamke mweusi alijua kukisoma kitambaa cha kichwa: kila namna ya kukikunja ilikuwa na ujumbe wake. Wazungu, na macho yao yote, hawakuambulia kitu.

Afiba, aliyekwisha kuachwa huru, alikuwa akiuza ndizi sokoni alipopita Bibi Cornelia, mwanamke aliyewahi kummiliki. Wauzaji wakakisoma kitambaa cha Afiba, wakamtazama bibi, wakaangua kicheko.

"We Afiba! Hicho kitambaa kinasema nini?" bibi akafoka.

"Kinasema, 'Waache waseme, watachoka wenyewe.'"

"Kivue! Umesahau nani aliyekulisha na kukuvisha?"

"Sijasahau."

Akakivua, akakikunja upya taratibu, akakivaa. Soko zima likavunjika mbavu.

"Na sasa kinasema nini?"

"Nenda nyumbani kawaulize wajakazi wako, bibi. Wao wanajua kusoma."