Mishono Myekundu ya Shangazi Uzi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ukumbi wa kushonea sare za shule tayari unanguruma. Mshona kola mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ambaye wenzake humwita Shangazi Uzi, anasimamisha cherehani, anatoa kitambaa cheupe mezani, kisha anapiga mshono mmoja mwekundu.

"Leo mmoja tu, Shangazi?" anamtania jirani yake, mshona vifungo. "Basi tutakoma kwa nyimbo!"

"Nitaimba mpaka uombe uhamisho!"

Safu nzima inaangua kicheko.

Mshono mmoja ni maumivu yanayovumilika. Mitatu ni siku ya kushindwa kusimama. Kwa miaka kumi na minne Shangazi Uzi aliambiwa kwamba hedhi ndivyo ilivyo, ajikaze. Hatimaye daktari aligundua kuwa tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zilikuwa zimeota nje yake. Ugonjwa huo hudhibitiwa, ila hauponi kabisa.

Kiwandani, hata hivyo, kila siku aliyokosa iliandikwa utoro.

"Nilikuwa na barua mbili za onyo," anasema. "Ya tatu ingekuwa ya kwaheri."

Ndipo alipowaomba wenzake washone maumivu yao ya hedhi kwa uzi mwekundu, siku kwa siku, kwa miezi sita. Wanawake kumi na tisa kati ya arobaini walileta vitambaa. Akaviunganisha, akampelekea msimamizi, fundi wa zamani, ambaye alidhani ni sampuli ya oda mpya. Akavaa miwani, akakagua.

"Kazi safi, dada. Ila hapa mshono umekatika. Fumua, urudie."

"Hapo nilizimia, bosi. Hapafumuliki."

Msimamizi akaketi bila kutazama, juu ya mto wa kuchomekea pini.

"Aliruka hivyo!" Shangazi Uzi anasimulia huku akifuta machozi ya kicheko. "Nikamwambia, pole, kaka. Sasa tumeelewana."

Barua zote mbili zimefutwa. Siku za maumivu zenye cheti cha daktari sasa ni ugonjwa, si utoro. Na kuanzia leo, iliyokuwa stoo ya vitambaa ni chumba cha mapumziko chenye vitanda viwili.

Mwezi ujao, akiwa na mfuko wa vipande vyeupe na uzi mwekundu, atakwenda kwenye shule ya wasichana wanaovaa kola zake.

"Shingo zao nazijua kwa sentimita," anasema. "Sasa nataka wanieleze wanaumwa wapi, kabla hawajaambiwa wajikaze."

Anakanyaga pedali. Anaimba. Jirani yake anaziba masikio kwa vifungo viwili vya koti.