Urojo wa Kwenye Chupa

Siku hizi hapa sokoni Babati kuna binti wa pwani anauza urojo, ule mchuzi mzito wa manjano na embe mbichi. Nikipita nikasikia harufu yake, wivu unanipanda upya, na mvi zangu zote hizi.

Dada ndiye aliyepelekwa Unguja na shangazi. Mimi niliachwa Singe kufukuza ndege kwenye alizeti. Aliporudi, nyumba nzima ikawa ni safari yake tu: walivyozungushwa kisiwa kwa gari kutwa nzima, wakashuka hapa kula pweza, pale mkate wa ufuta, na kila wakikata kona bahari iko palepale inawasubiri. Baba na mama walimsikiliza kama padri yuko altareni. Mimi nilichokoachokoa ugali.

"Na wewe nimekuletea urojo," akasema, akatoa chupa ya maji aliyoipakata melini na kwenye mabasi yote.

Mama alipofungua kifuniko, povu likaruka. "Umechacha huu. Kawamwagie nguruwe."

Niliinyakua ile chupa nikanywa wote, nimemkazia Dada macho, machozi yananitoka.

"Mtamu," nikasema.

Leo nimeshindwa kupita. Nimeagiza bakuli, nikaonja.

"Unauonaje, mzee?" binti akauliza.

"Si mbaya. Ila haujafikia ule wa Unguja."

"Kumbe umeshafika kwetu!"

"Niongezee ndimu," nikamwambia.