Betri Niliyoianika na Ulezi

Ipo siku moja, mwanangu Deo, ambayo naikumbuka kila nikikuona umeinamia hiyo kompyuta yako na bisibisi mkononi. Keti kwanza. Umetoa kimoja kati ya vile vipande viwili vya kumbukumbu, mnavyoviita RAM, kama nilivyokuomba, mashine imewaka, sasa iache ifanye kazi wakati bibi yako anaongea. Najua una hasira. Kazi za wateja zinapotea kila inapozima, na wiki nzima umekuwa ukisema ni Neema, msaidizi wako, aliyeiharibu kwa kuchomekachomeka vitu ovyo. Jana ukamwambia asirudi tena, mbele ya wateja waliojaa humu steshenari kwako. Binti wa watu amerudi kwao Kasense analia.

Basi nisikilize. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na mdomo nilikuwa nao. Usicheke, huo wako umeutoa wapi? Kijiji chetu kilikuwa na redio moja, mali ya wote. Saa kumi jioni watu wazima wa kisomo walikusanyika kwa mwenyekiti kusikiliza masomo, mama yangu akiwamo, daftari kwapani na mikono bado ina unga. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuitunza redio hiyo. Nilijiona waziri.

Redio ile ilitumia betri sita, zile kubwa. Zilipokwisha nikatembea hadi mjini, dukani kwa Mzee Athumani, nikakuta zimebaki tano. Akaniambia, "Subiri lori lije, binti yangu, uchukue na ya sita. Usichanganye mpya na kuukuu." Nikaitikia ndiyo, mzee, nikabeba tano zangu nikaondoka. Nyumbani nikachagua moja kati ya zile za zamani, nikaianika juani siku mbili, kwenye mkeka wa mama alikoanika ulezi. Sote tulifanya hivyo wakati ule, na betri ikiota jua huwa inaamka kweli, ila kwa muda. Nikaipangusa, nikaichanganya na wenzake, nikaisahau.

Redio ikaanza vituko. Inaongea dakika kumi, inakata. Ukiipumzisha inarudi, halafu inakata tena, na daima pale mwalimu anapofika penye maana. Mama akawa anafunga daftari lake polepole, na mimi roho inaniuma. Nikasugua waya, nikageuza antena, nikahamisha meza, nikaipiga kofi, vyote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo hata ilipotulia kidogo sikujua imetulizwa na lipi. Na wewe hapo wiki hii si umebadilisha waya, umefuta programu na kuhamisha mashine dirishani, vyote siku moja?

Mwishowe nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema Athumani anatuuzia betri mbovu, ni mnyonyaji. Neno hilo enzi zile halikuwa la mchezo. Mwenyekiti akaandika barua leseni ya duka lake ifutwe, nikakabidhiwa mimi niipeleke wilayani, pamoja na redio iwe ushahidi. Mzee yule alikuwa na wake na watoto wanaolitegemea duka lile, lakini hilo sikuliwaza hata kidogo.

Nilipita kwanza dukani kwake nimpashe. Nikaitua redio juu ya kaunta, wala sikumwamkia.

"Marahaba," akajibu shikamoo ambayo sikuitoa. "Inakata wakati gani?"

"Ikishaongea kidogo. Betri zako hizo."

"Ikipumzika inarudi?"

"Inarudi."

"Basi tutaiuliza yenyewe," akasema, akanivutia kigoda.

Alizitoa betri zote, akaziandika kwa chaki moja hadi sita. Kisha akafungua tochi yake mwenyewe, akatoa betri aliyokuwa na hakika nayo. Akaitia mahali pa ile ya kwanza, akawasha, akaendelea kumpimia mteja sukari. Dakika kumi, redio ikakata. Akairudisha ya kwanza mahali pake, akaijaribu ya pili. Ikakata. Mimi nilitaka abadilishe tatu kwa pamoja tumalize. Akanitazama. "Ukibadilisha tatu, mbili kati yake utazisingizia," akasema.

Ya tatu nayo ikakata. Ya nne ilipotolewa na ile ya tochi ikakaa mahali pake, redio ikaongea. Ikamaliza taarifa ya habari, ikamaliza na muziki, haikukohoa. Nikasema, si unaona, betri yako hii hapa. Aliirudisha ile ya nne ndani, tukakaa tena, na redio ikakata kama kawaida yake. "Sasa ndiyo tunajua," akasema. "Mara ile ya kwanza ingeweza kuwa bahati."

Ndipo akaigeuza chini akanipa mkononi. Kitako chake kilikuwa kimetoa majimaji yaliyoganda, na ndani yake imenasa punje moja ya ulezi.

Mwanangu, niliona haya hadi masikio yakawa ya moto. Barua ilikuwa kwenye mfuko wangu na nikahisi uzito wake. Nikaitoa nikampa. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Wewe uliyasema mbele ya watu," akasema. "Mimi nikiichana hapa, wao hawataona."

Jumapili baada ya misa kijiji kikakutana tena, nikasimama palepale niliposimama mwanzo. Nikasema betri mbovu ilikuwa yangu, niliianika mwenyewe, na mzee alinionya. Walicheka sana. Mwenyekiti akaichana barua, na redio wakaniachia. Lori lilipokuja nilipata betri ya sita, masomo yakaendelea, na kabla ya mavuno mama akaandika jina lake bila kushikwa mkono. Kila nilipoingia dukani kwa Mzee Athumani aliwahi kusema marahaba kabla sijafungua mdomo, tukacheka wote. Nimeishi na furaha hiyo hadi leo.

Sasa tazama mashine yako. Tangu nianze kuongea haijazima hata mara moja. Na kipande kilichoko mkononi mwako ni kile ulichokinunua kwa mshikaji wako mwezi jana, kilichokwisha kutumika, ukakichomeka mwenyewe. Hukukishuku kwa sababu ulikitia wewe. Lakini usishangilie bado. Toa hicho kizuri kilichobaki ndani, tia hiki peke yake palepale, usiguse kingine chochote, kisha ungoje. Ikizima, umejua.

Ninachokuusia ni hiki. Kitu kikiharibika, anza na ulichokitia kwa mkono wako. Badilisha kimoja, ungoje, ndipo uguse kingine. Na jina la mtu usilitaje mpaka umemaliza. Wewe umeshalitaja, kwa hiyo kesho nenda Kasense, umwamkie mama yake Neema vizuri, umrudishe binti, na umwombe radhi pale steshenari, wateja wakiwa wamejaa kama walivyojaa jana.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na akupe watu wa kukuitikia marahaba hata siku utakayosahau shikamoo.