Mwalimu Elieza, Mpiga Besi wa Kanazi

Leo asubuhi nimeandika "Umefika wapi?" nikaituma kwa Elieza. Ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi tulimzika.

Kwa msiomjua: Mwalimu Elieza alifundisha Physics shuleni kwetu hapa Muleba, na Jumapili alipiga besi kwenye kwaya ya Kilutheri kwao Kanazi. Mimi Swedi nafundisha Geography, ni mtu wa Hamugembe, napiga besi kwenye bendi ya harusi. Tulijuana staff room, magitaa yakafanya mengine.

Msibani sikulia. Watu waliniangalia kwa wasiwasi, kama naumwa. Sikujua machozi yako wapi.

Elieza hakuwa mtu wa kumiliki gitaa. Alikuwa mtu wa kubadilishana. "Likikaa kwangu nalizoea," alikuwa akisema, "na nikilizoea sisikii tena kasoro zake."

Free period, wenzetu wanaandika lesson plan, yeye ameinamia simu, anakuza picha ya besi ya mtu fulani wa Mwanza.

"Swedi, hii shingo imepinda au ni macho yangu?"

"Imepinda."

"Haijapinda bwana, hicho ni kivuli."

Besi ikaja na basi. Imepinda kama upinde! Aliitazama, akanitazama, akasema, "Kivuli kimesafiri nayo." Tulicheka mpaka Madam Academic akatufukuza.

Akienda kujaribu amplifaya dukani, kitu cha kwanza: "Mama, naomba uzime friji." Alitaka kusikia kama ule mlio ni wa amplifaya au wa umeme. Wenye maduka wa Bukoba walishamzoea. Wakimwona anaingia, wanazima wenyewe.

Siku moja kwao Kanazi alipanga amplifaya yake na yangu barazani, akapitisha waya dirishani. Mimi akanipeleka kwenye kibanja, katikati ya migomba, nizipe mgongo nisione anapiga ipi.

"Nzuri ni ya kwanza au ya pili?" akapaza sauti.

"Ya pili!"

"Hujasikiliza!" Akarudia.

"Ya pili!"

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Waitu Baba Asimwe, hata mimi hapa nakaanga samaki nasikia ni ya pili!"

Ya pili ilikuwa yangu. Kabla samaki hawajaiva alikuwa ameshanishawishi tubadilishane, na mimi nikaona nimepata. Mpaka leo sijui alinifanyaje.

Halafu Goziba. Kulikuwa na mwenye baa kisiwani anafunga biashara, ana amplifaya kubwa ya besi, haimsaidii kitu. Mimi naogopa ziwa. Elieza akasema tutakwenda na kurudi.

Tulikuta imewekwa juu yake ndoo za dagaa. Elieza akaifuta kwa shati lake, akainusa nyuma, akachomeka gitaa. Jenereta lilikuwa linapiga kelele, kwa hiyo akalaza sikio juu ya spika kama mganga anayepima mtoto. Akakaa hivyo muda. Akainuka anatabasamu.

"Mwalimu, si mbovu hiyo?" mwenye baa akauliza.

"Mzima kuliko mimi."

Akampa sola yake na betri, biashara ikaisha. Kurudi, mvua ikatukuta ziwani. Mwenzangu akavua koti akaifunika amplifaya, yeye akakaa na singlendi, anatetemeka, anapiga besi ya mdomo. Mimi nimeshikilia ubao wa boti nasoma kila dua ninayoijua.

Wiki iliyopita alitoka darasani mapema. Akakaa kwenye kiti chake, akasema kichwa kinamgonga. Nilimwambia anywe maji. Akanywa. Akasema, "Swedi, mbona naona taa mbili?" Tukampakia kwenye gari la shule.

Presha. Hakuwahi kuniambia ana presha. Mama Asimwe anasema hata yeye hakujua.

Nilipopigiwa simu nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikasema, "Sawa, nimeelewa," nikaendelea kusahihisha. Nimeipitia tena ile mitihani. Nilisahihisha vizuri tu.

Msibani mwalimu wa kwaya akanifuata, akanishika mkono. "Mwalimu Swedi, hatuna mtu wa besi."

Nikaanza kumuuliza, "Kwani Elieza yuko..." nikaenda kuchukua gitaa.

Nikapiga. Na kofia yangu kichwani, katikati ya Walutheri, kwenye amplifaya ile ya Goziba. Wanasema ilipendeza. Mimi sikusikia hata noti moja. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe.

Sasa nyie mnaonitumia ujumbe inbox kuuliza kama vyombo vya marehemu vinauzwa. Mmoja aliuliza hata udongo haujakauka. Nilimwonyesha Mama Asimwe. Akasoma, akanirudishia simu. "Shemeji, waambie vinatumika."

Basi jibu ndilo hilo. Vipo kanisani Kanazi. Msiniulize tena.

Jumatatu ratiba ilikuwa bado na jina lake. Physics, Form Three. Madam Academic akauliza nani ataingia, watu wote wakatazama madaftari yao. Nikaingia mimi. Nikasimama mbele ya ubao wenye mahesabu yake nisiyoyaelewa, sikuweza kuyafuta.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, tuandike nini?"

Nikawaambia wanakili yaliyopo ubaoni. Wakanakili. Darasa zima kimya, kalamu tu. Nilipogeuka kwenye dirisha ndipo nikagundua uso wangu umelowa, na sijui ulianza saa ngapi.

Elieza, ndugu yangu, watoto wako wa Form Three wameandika yote, hawakuruka mstari. Pumzika sasa. Lala, Mwalimu. Lala salama kabisa.