Hina ya Bi Alawiya

Siku moja kabla ya kupasuliwa kutolewa mawe ya nyongo, Bi Alawiya, mshonaji kofia wa Kuze, alijitia hina kucha zote. Bintiye Hanin akashtuka.

"Mama, daktari alitaka kucha tupu, apate kuona rangi ya damu. Wakikurudisha nyumbani je?"

"Naenda kulala kwa watu, mwanangu. Niende ovyo?"

Hanin alizisugua kwa ndimu, hina haikutoka. Ndipo alipohisi mkono wa mamake unatetemeka. Akaiweka ndimu chini, akaushika tu.

Asubuhi muuguzi Kanze alizitazama kucha, akatabasamu, akambana kipimo cha oksijeni sikioni badala ya kidoleni.

"Huku hukutia, Bi?"

"Ningelikumbuka, ningelitia," alijibu Bi Alawiya, mkono wake umetulia ndani ya mkono wa Hanin.