Barua Ambayo Mzee Gia Hakuiandika

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna karatasi iliyoingia katika ile ofisi ya maji bila kupita mikononi mwa Bi Masjala. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye orodha ya mishahara tu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kina kidirisha cha kupokelea barua, makabati manne ya chuma, na meza ambayo juu yake havikuruhusiwa kukaa vitu zaidi ya vitatu: daftari, kidau cha wino na muhuri wa mbao wenye neno moja, IMEPOKELEWA. Chai aliinywea kwenye kiti cha pembeni.

Barua ikifika, aliifungua, akaigonga muhuri, akaiandika daftarini, akaipa namba ya ukurasa, akaifunga kwa uzi ndani ya faili la mhusika. Ndipo faili lilipopanda ghorofani kwa mwenye kazi yake. Barua pepe zilipoanza, wakubwa walimletea kompyuta na kumwambia dunia imebadilika. Yeye hakuona kilichobadilika ila bahasha. Kila barua pepe aliichapa, akaigonga muhuri, akaipa namba.

Hapo ndipo palipokuwa na ufa. Muhuri ule ulisema karatasi imefika. Haukusema imetoka kwa nani. Lakini watu wa ghorofani walikwisha kuzoea kwamba kitokacho masjala ni kweli, na mazoea, kama ijulikanavyo, yana taabu.

Jumanne moja asubuhi ilifika barua pepe ya Mzee Gia, dereva wa lori la mabomba, aliyekuwa amebakiza siku kumi na moja tu astaafu na wakati huo alikuwa likizo. Ilikuwa fupi na yenye adabu. Ilimwamkia "mama yetu mpendwa wa masjala", ikamsifu kwamba bila uangalifu wake ofisi isingesimama. Kisha ikaeleza: mwandishi amefungua akaunti katika benki nyingine, kiinua mgongo chake kipelekwe huko, namba ni hii. Aliomba jambo hilo likamilike kabla ya Ijumaa. Simu yake ya zamani imeharibika, kwa hiyo akitafutwa atafutwe kwa namba mpya iliyoandikwa chini.

Bi Masjala alisoma zile sifa mara mbili. Tusimlaumu sana, kilemba cha ukoka hakina uzito kichwani. Aligonga muhuri, akaandika namba sitini na nne, faili likapanda.

Saa nane mchana, alipokuwa akikamilisha daftari, alifika kwenye safu ya mwisho, ile inayouliza barua imeletwa na nani. Akarudi nyuma kutazama alivyoandika mara ya mwisho kwa jina la Mzee Gia. Alikuta mwandiko wake mwenyewe: "Mwenyewe, dirishani. Nimemwandikia mimi." Akafungua kurasa za mwaka juzi. Maneno yaleyale. Mzee Gia alisoma vibao vya barabarani na namba za mabomba bila shida, lakini kalamu kwake ilikuwa mzigo kuliko lori. Ombi lake lolote, la likizo au la viatu vya kazi, alikuja kulisema, Bi Masjala akaliandika, naye akataka asomewe mara mbili ndipo atie sahihi.

Basi hii ameiandika nani?

Jibu rahisi lilikuwapo: labda binti yake, labda jirani. Na huo ndio mlango wanaopitia matapeli, jibu rahisi ambalo mtu mwema hujipa ili asisumbue watu. Bi Masjala alijua pia kwamba akipanda ghorofani atakwenda kukiri kosa lake. Alifunga daftari, akapanda.

Mhasibu, mtu mnene mpenda utani, alimwona mlangoni akasukuma kiti nyuma.

"Shikamoo, Bi Masjala. Umepanda ngazi mwenyewe leo? Ngoja nianue nguo, mvua inakuja."

"Marahaba. Faili la Mzee Gia liko wapi?"

"Hili hapa, na kazi imekwisha. Akaunti nimebadilisha. Saa tisa natuma orodha benki, mzee akapumzike."

"Rudisha ya zamani."

"Kwa nini? Si muhuri wako huu?"

"Ni wangu. Niligonga bila kuuliza."

Mhasibu alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Haya, tusibishane," akasema, akichukua simu. "Tunampigia sasa hivi. Namba yake ameiandika hapa chini."

"Weka simu, baba. Ukimuuliza mwizi kama yeye ni mwizi, unategemea akujibu nini?"

Alivuta faili, akarudi nyuma hadi fomu ya mawasiliano ya mwaka uliopita, akapiga namba iliyokuwa humo. Iliita mara nyingi. Ile simu iliyosemekana kuharibika ikapokelewa na mke wa dereva.

"Yuko juu ya paa, anapigilia bati. Nimshushe?"

"Mshushe, dada. Nasubiri."

Saa ya ukutani ilionyesha nane na dakika arobaini. Mhasibu alikuwa ameacha kutikisa mguu.

"Bi Masjala," sauti ya Mzee Gia ikasikika, ikitweta. "Mnanifukuza kazi zimebaki siku kumi na moja?"

"Umefungua akaunti mpya?"

"Mimi? Hii moja yenyewe nimeizoea juzi."

"Na barua ya kompyuta umetuandikia?"

Mzee Gia akacheka. "Dada yangu, tangu lini mimi nikaandika barua bila wewe?"

Mhasibu hakungoja zaidi. Alirudisha namba ya zamani, akaisoma kwa sauti tarakimu moja moja, Bi Masjala akiifuatisha kwenye faili kwa kidole. Jasho la miaka thelathini na moja lilikuwa limebakiza dakika kumi na nane liende kwa mtu asiyejulikana.

Habari ilifika kwa mkurugenzi, naye akashuka hadi masjala, jambo alilolifanya kwa nadra. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitaka mambo yaishe.

"Ichomoe hiyo karatasi tuichane," alisema. "Hakuna kilichopotea. Na wewe sitaki uonekane vibaya mwishoni mwa utumishi wako."

"Nashukuru, mkuu, lakini ukurasa ukishapewa namba hautoki. Watu hawa watarudi kwa jina la mwingine. Atakayekaa hapa baada yangu asome wanavyoandika."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya ile barua: "Si ya mwenye faili. Niliigonga muhuri na kuipeleka kabla ya kumuuliza mwenyewe. Kosa ni langu." Akatia sahihi, akamgeuzia mkurugenzi. Naye, baada ya kusita, akatia yake.

Ikabaki kujua tapeli alipata wapi habari. Halikuwa fumbo: majina ya wanaostaafu yalikuwa yamebandikwa mapokezi wiki tatu, na kila aliyekuja kulipia maji aliyasoma. Yalikuwa manne. Bi Masjala aliibandua ile karatasi, akapiga simu kwa watatu waliobaki, kwa namba za mafaili. Wawili hawakuwa wameguswa. Wa tatu, fundi wa pampu, alimsikiliza hadi mwisho.

"Jana kuna aliyenipigia," alisema. "Akasema yeye ni mhasibu, nimtajie namba yangu ya siri ya benki, fedha zisichelewe."

"Ukamtajia?"

"Nilimwambia angoje nitafute miwani. Nikaitafuta mpaka akachoka. Sasa leo wewe unasema ni Bi Masjala, unataka tuzungumze habari za benki. Nitajuaje kama si yuleyule, amebadili sauti?"

Bi Masjala hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alisikia neno lililomfurahisha namna hiyo.

"Hutajua," alisema. "Vaa viatu uje."

Ofisi ilifungwa saa kumi. Yeye alibaki, taa ya masjala ikiwaka, hadi fundi wa pampu alipotokea koridoni akitembea polepole, akachungulia dirishani, akamtazama usoni kwa muda, ndipo akamsalimia.