Matundu Niliyoziba Kwenye Kayaki

Mimi ni fundi wa mabati mtaani Sarang'ombe. Shule sikukaa, lakini paa zangu hazivuji. Baada ya vita vya kura, klabu yetu ya kayaki, ile mitumbwi ya plastiki ya kukalia juu, pale bwawani iliwapanga Wafula na Mutua, majirani wasiosalimiana tena, wapige kasia pamoja. Mimi nikae katikati, niwapatanishe.

Kumbe kayaki ina matundu sakafuni! Nikayaziba kwa lami, nikajisifu mpaka kanisani.

Tulipofika katikati ya bwawa, maji yaliyorushwa na makasia yalikuwa yamejaa ndani, tumekaa kama watoto kwenye karai.

"Nani ameziba hapa?" akauliza Mutua.

"Mimi. Tusizame."

Wafula akamgeukia Mutua. "Jirani, haya matundu ndiyo hutoa maji. Tumtupe huyu mzee majini?"

"Tumtupe, jirani."